Barua ya wazi kwa Serikali na Bunge la Kaunti ya Mombasa: maoni yetu mkishayaandika, yaenda wapi?

Mheshimiwa Gavana, Mheshimiwa Spika, waheshimiwa wawakilishi wa wadi zetu 30, nanyi maafisa wa kaunti mnaotuhudumia kuanzia Kisiwani hadi Likoni, Changamwe, Jomvu, Nyali na Kisauni,

Salamu nyingi ziwafikie. Nawaandikia kuomba jambo moja tu: mtujibu. Mkaazi wa Mombasa akisimama kwenye mkutano wenu akasema shida yake, shida hiyo iandikwe, ipewe nambari na tarehe, aambiwe ni afisa gani ataishughulikia, na kabla siku hazijawa nyingi arudishiwe jawabu. Jawabu likiwa ni "haiwezekani mwaka huu, na sababu ni hii," twalikubali pia.

Mikutano ya kutoa maoni hatuikosi. Upo wa mpango wa maendeleo wa mwaka, upo wa bajeti, upo wa mswada wa fedha unaoamua ada za kibanda, za leseni na za kuegesha gari, na miswada mingine huja katikati ya mwaka. Tangazo hutoka gazetini, likabandikwa kwenye ukuta wa afisi, kisha vijana wakalisambaza kwenye simu mpaka likamfikia mama anayeuza viazi karai mlangoni kwake. Siku yenyewe watu huja. Dua huombwa, maafisa hujitambulisha mmoja baada ya mwingine, halafu hufunguliwa kitabu kinene cha Kiingereza kilichojaa majedwali, na nakala zake ukumbini ni za kuhesabu. Afisa hukipitia mbio mbio. Ikifika zamu ya wananchi adhuhuri iko karibu kuadhiniwa, na mwenye kipaza sauti atangaza kwamba kila mtu ana dakika mbili.

Katika dakika mbili hizo nimesikia mambo ambayo mshauri wa kulipwa angekaa mwaka mzima asiyajue. Nimemsikia mzee akieleza kwamba mfereji wa mtaani kwao ulichimbwa upande wa chini ukawa juu kuliko upande wa juu, ndiyo maana maji ya mvua hurudi nyumbani kwa watu. Nimemsikia mama wa samaki akisema kwamba taa moja tu ya njiani ikiwaka, yeye na wenziwe wataweza kuuza mpaka saa tatu usiku badala ya kufunga magharibi. Kijana wa kiti cha magurudumu aliuliza atapandaje ghorofani kulipa ada. Makofi yalipigwa. Kama karani aliandika, hatukuyaona aliyoyaandika. Karatasi ya mahudhurio ilizunguka, kila mtu akatia jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na sahihi, na karatasi hiyo ndiyo iliyobaki kuwa ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Jina langu limo mle. Nililolisema sijui liko wapi.

Waheshimiwa, hili ninaloliomba si hisani. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 174, yataja kuwapa wananchi uwezo wa kujitawala na kushiriki katika maamuzi kuwa miongoni mwa malengo ya ugatuzi. Ibara ya 196 yalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake kwa uwazi, vikao vyake na vya kamati zake viwe mbele ya umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yaenda mbele zaidi. Kifungu cha 88 champa mwananchi haki ya kuwasilisha malalamiko yake kwa serikali ya kaunti juu ya jambo lolote lililo chini yake, na kifungu kinachofuata, cha 89, chazifunga mamlaka za kaunti na maafisa wake kwamba ni wajibu wao kuyajibu, tena kwa haraka. Ni kifungu kifupi sana, na naona ndicho kilichosahauliwa kuliko vyote. Tumezungumza miaka mingi juu ya haki ya kusema, na juu ya wajibu wa kujibu hatukuzungumza vya kutosha.

Mahakama nazo zimelisema hili. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ada zote zilizotegemea sheria ile zikaingia mashakani. Sitaki Mombasa ifike huko. Mji huu waendeshwa na ada za wachuuzi, za wenye maduka na za magari, na anayelipa ada hiyo ana haki ya kujua kwamba alipoulizwa maoni yake, kuna mtu aliyeyasoma.

Nichukue mfano wa maji, kwa sababu ndilo jambo linalosemwa katika kila mkutano, awe mtu wa Likoni au wa Bamburi, tajiri au maskini. Mombasa yanywa maji ya majirani zake. Maji ya Mzima yatoka Taita Taveta, yaja kwa bomba tangu miaka ya 1950. Ya Baricho yasukumwa kwa pampu kutoka kando ya Mto Sabaki, Kilifi. Ya Marere na Tiwi yatoka Kwale, na huko huko Kwale ndiko linakojengwa bwawa la Mwache ambalo twaambiwa litatutosheleza. Katikati ya chemchemi na mfereji wa jikoni kwangu kuna serikali ya kitaifa, kaunti nyengine, wakala wa maji wa Pwani, kampuni ya kusambaza, na umeme wa kuendesha pampu. Mfereji ukikauka siku tatu, mimi sina njia ya kujua kama bomba limepasuka, kama umeme umekatika, au kama ni zamu ya mtaa mwengine. Ninachokijua ni kwamba kijana wa mkokoteni apita, na mtungi wa lita 20 bei yake imepanda kwa kuwa sote twautaka. Wenye visima wateka maji ya chumvi ya kufulia na kuoshea vyombo, na mwenye mtoto mchanga atafuta pesa za maji ya kununua.

Sasa fikirini mama amesimama mkutanoni akauliza kwa nini mtaa wao hauna maji. Akijibiwa kwa maandishi kwamba mtaa wenu wafunguliwa Jumanne na Ijumaa usiku, na bomba la kuelekea kwenu ni bovu mahali fulani, na pesa za kulibadilisha zimo au hazimo katika bajeti, huyo mama amepata kitu hata kabla ya tone kudondoka. Atajua usiku gani aamke kujaza mapipa. Mwenye nyumba atajua kama anunue tangi. Wakaazi watajua wakamshikilie nani, kaunti au Nairobi. Ibara ya 43 ya Katiba yasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Naelewa kwamba haki hiyo haitatimia kwa mwaka mmoja katika mji uliohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.2 mwaka 2019. Kumweleza mtu hali ilivyo kwaweza kutimia wiki hii.

Najua mtasema: mengi mnayotuuliza si yetu. Ni kweli, na nyinyi hamkuugawanya hivyo mzigo huu. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti taka, mifereji ya maji ya mvua, taa za barabarani, masoko, zahanati, chekechea na zimamoto. Polisi, bandari na vitambulisho ni vya serikali kuu. Pengine mpaka wenyewe hauonekani: jedwali lile lataja vivuko miongoni mwa kazi za kaunti, na kivuko cha Likoni twakiona chaendeshwa na Halmashauri ya Bandari. Mpishi wa hoteli anayevuka kila alfajiri hawezi kuyajua haya yote. Kwa hivyo afisa wa wadi anapomwambia "hilo si letu," naomba asiishie hapo. Amwandikie mwenyewe ile afisi inayohusika, na nakala ya barua ampe mlalamikaji.

Na kuna jengine ambalo naona wakaazi wenzangu wengi hawajaambiwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata wafikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mikakati ya fedha yaja kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti yawe bungeni kufikia 30 Aprili, na bajeti yapitishwa kufikia 30 Juni. Maana yake ni kwamba mfereji usiotajwa katika mpango wa Septemba ni vigumu sana kuupatia pesa Juni. Lakini watu wetu hujaa kwenye mkutano wa Aprili, masika yashaanza na maji yako sebuleni, wakasema kwa uchungu jambo lililopaswa kuandikwa miezi minane nyuma. Afisa anayewasikiliza ajua kwamba wamechelewa. Basi kwa nini asiwaambie? Mtu akiambiwa, "mama, hili haliwezi kuingia mwaka huu, lakini nimelitia kwenye orodha ya mpango wa Septemba, na hii hapa nambari yako," atarudi nyumbani akiwa na pa kushika.

Haya yawezekana, na tumeyaona yakiwezekana. Kibarani, mahali pa kwanza alipopaona mgeni akikaribia kisiwa kwa barabara ya Makupa, palikuwa jaa lenye moshi na harufu kando ya bahari. Watu walilia na jaa lile miaka na miaka. Leo pamepandwa miti na nyasi, watu wapita bila ya kuziba pua. Kelele za wananchi zilipata jawabu pale, na nawashukuru wote waliolifanyia kazi. Lakini taka hazikwisha kwa kuwa Kibarani pamefungwa. Malori sasa yazipeleka hadi Mwakirunge, safari ndefu, na ndiyo sababu rundo la mtaani laweza kulala kwa siku kadhaa. Swali la wakaazi hapa ni jepesi: lori huja siku gani? Ratiba ya kila mtaa ikibandikwa kwenye duka la karibu, nusu ya ugomvi juu ya taka itakuwa imekwisha.

Ninaloliomba hasa ni daftari la wadi. Kila afisi ya msimamizi wa wadi iwe na daftari kubwa la jalada gumu, lililo wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma. Jambo likisemwa mkutanoni, au mtu akiingia afisini nalo, liandikwe humo kwa Kiswahili: nambari, tarehe, jambo lenyewe, afisa aliyepewa, na nafasi iliyoachwa wazi ya jawabu. Mwenye jambo asilazimishwe kuandika jina, kwa kuwa wako wachuuzi wanaoogopa kwamba wakilalamika leo, kesho kibanda kitatiwa alama ya kubomolewa. Apewe kikaratasi chenye nambari yake. Na kila mkutano mpya wa maoni ufunguliwe kwa kusomwa lile daftari: haya ndiyo mliyoyasema mara iliyopita, haya yamefanywa, haya yamekataliwa na sababu zake, haya bado. Hapo ndipo mtuulize mapya.

Gharama yake haifiki bei ya hema na viti vya mkutano mmoja. Makarani wako tayari, wameajiriwa. Wala si jambo geni katika sheria zetu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yasema ombi la habari laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na lijibiwe ndani ya siku 21. Na mtu asiyeweza kuandika, kwa kutosoma au kwa ulemavu, afisa ndiye anayemwandikia ombi lake na kumpa nakala. Nililipenda sana hilo nilipolisoma. Waliotunga sheria ile walimfikiria nyanya yangu. Ikiwa nyanya aweza kuandikiwa ombi la habari na kupewa nakala, shida ya paipu iliyopasuka mlangoni kwake nayo yastahili kuandikwa na kupewa nakala.

Kwenye lugha siko tayari kulegeza. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi kwa Ibara ya 7. Huu ni mji ambao mtoto alaumiwa kwa kuharibu ngeli kabla hajalaumiwa kwa kuvunja sahani. Kitabu cha bajeti kwa Kiingereza kibaki kwa wahasibu, sawa, lakini kila wadi itolewe kurasa mbili za Kiswahili: miradi gani iko kwetu, mahali gani hasa, shilingi ngapi, nani mwanakandarasi, itakwisha lini. Zitolewe wiki mbili kabla ya mkutano ili watu wazisome barazani na maskanini, wabishane, waje na neno lililopikwa. Walimu wastaafu wa kuziandika tunao. Redio zetu za hapa zitazisoma, maana wasikilizaji wataziomba wenyewe.

Saa za mikutano nazo ziangaliwe. Saa nne asubuhi siku ya kazi, kibarua wa bandarini yuko kazini, na mama wa Kongowea aliyeamka kabla ya alfajiri kupokea mboga hawezi kuacha meza yake. Baada ya alasiri, au Jumamosi, wangekuja. Kuna wanaolalamika kwamba watu huja mikutanoni kwa sababu ya nauli. Mimi sioni aibu kwa mtu aliyefunga biashara yake akauliza atarudije nyumbani, na naamini wengi wangekuja hata bila ya nauli wakijua kwamba jambo lao litaandikwa.

Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, nanyi nina neno. Katika vikao vya bunge mna nafasi ambayo sisi hatuna, ya kumwuliza waziri wa kaunti ana kwa ana. Ingieni na daftari la wadi yenu mkononi. Mkishindwa kupata jawabu la jambo nambari fulani, lisemeni jambo hilo kwa nambari yake, liingie kwenye kumbukumbu za bunge. Ratiba za kamati zibandikwe mahali tunapopita, tujue kamati ya maji yakaa lini na ya afya lini, kwa kuwa Ibara ya 196 imetufungulia mlango huo na wengi wetu hatujui uko upande gani. Ugomvi wa chama na chama, wa nani aliyemtukana nani, huwa twausikia hata tusipoutafuta. Twataka kusikia mfereji wa mtaa fulani umeulizwa na nani, na ukajibiwa vipi.

Na kwako Mheshimiwa Gavana. Kifungu cha 92 cha Sheria ya Serikali za Kaunti chakutaka upeleke bungeni ripoti ya kila mwaka juu ya ushiriki wa wananchi. Naomba ripoti ijayo isihesabu mikutano na mahudhurio peke yake. Ihesabu mambo yaliyoletwa, yaliyojibiwa, na muda uliopita kati ya swali na jawabu, wadi kwa wadi. Ikionekana kwamba wadi moja hujibu kwa wiki mbili na nyengine kwa mwaka, utajua wapi pa kupeleka nguvu, nasi tutajua nani wa kumshukuru.

Kuna hofu moja ambayo nimeisikia kwa maafisa, na naiheshimu: kwamba mkianza kujibu, mtazama kwa maswali. Mwanzo yatakuwa mengi, sikatai. Lakini maswali hayo yako hata sasa. Yako kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye foleni ya zahanati, kwenye matatu, na kwa kuwa hayana jawabu yamegeuka kuwa maneno: kwamba pesa zililiwa, kwamba mtaa ule ulipendelewa kwa sababu ya kura, kwamba kwendea mikutano ni kupoteza siku. Mengine katika maneno hayo huenda si kweli kabisa, na anayeumia ni afisa mwaminifu asiyekuwa na karatasi ya kuonyesha. Nimeishi na watu wa mji huu maisha yangu yote. Wakiambiwa "hapana" na wakaonyeshwa hesabu, watabishana, watanung'unika, kisha watapanga mambo yao. Kunyamaziwa ndiko kunakowafanya wapandishe mori.

Msingoje sheria mpya. Anzeni na wadi moja katika kila eneobunge kati ya sita tulizo nazo, kabla ya mpango wa maendeleo wa Septemba kuandikwa, na sisi wakaazi tutakuja kusaidia kuandika kama makarani hawatoshi. Mimi ninalo la kwanza tayari: njia ya miguu inayotoka barabarani kuingia kwetu Mishomoroni haina taa hata moja, na wasichana wa sekondari waipita alfajiri gizani. Nauliza ni taa ngapi zimepangiwa njia hiyo, ziko katika bajeti ya mwaka gani, na ni afisa gani niende kumwona. Liandikeni hilo, mnipe nambari.

Wenu,
mkaazi na mlipa ada wa Mishomoroni, Kisauni